Kazi Inapoumiza Akili: Mpangilio wa Kazi na Afya ya Mfanyakazi

Afya ya akili kazini hutegemea kwanza jinsi kazi yenyewe ilivyopangwa: mzigo wake, saa zake, ujira wake, na namna mkubwa anavyomtendea mdogo. Hospitali, mshauri nasaha na dawa huja baada ya hapo. Ofisi nyingi zimezoea kuanza na mwisho. Mfanyakazi aliyelemewa huambiwa apunguze mawazo, afanye mazoezi, amwombe Mungu, kisha hurudishwa kwenye meza ileile yenye mafaili yaleyale.

Kazi si adui wa akili. Kwa watu wengi ni kinga, na ushahidi wa jambo hilo ulipatikana pale kazi ilipokosekana. Kiwanda cha nguo cha Marienthal, kijiji kilicho karibu na Vienna nchini Austria, kilipofungwa kuanzia mwaka 1929, karibu kijiji kizima kilibaki bila ajira. Marie Jahoda, Paul Lazarsfeld na Hans Zeisel walikichunguza kijiji hicho na kuchapisha matokeo yao mwaka 1933. Waliwakuta watu wenye muda tele wasiojua waufanyie nini. Uazimaji wa vitabu maktabani ulikuwa umeshuka badala ya kupanda, na wanaume walitembea polepole huku wakisimamasimama njiani bila sababu. Baadaye Jahoda alieleza kwamba mbali na mshahara, kazi humpa mtu ratiba ya siku, watu wa kukutana nao nje ya familia yake, shabaha ya pamoja na wenzake, na hadhi mbele ya jamii. Ndiyo maana kumwachisha kazi mtu kwa sababu ameugua akili, hata kwa nia ya huruma, mara nyingi ni kumwongezea ugonjwa.

Madhara ya kazi yenyewe yalichunguzwa kwa undani London. Kuanzia mwaka 1967 watafiti walifuatilia afya ya watumishi wa serikali wanaume zaidi ya 17,000. Michael Marmot, aliyejiunga na kazi hiyo baadaye, ndiye aliyeipa umaarufu. Dhana iliyotawala wakati ule ni kwamba presha huwaandama mabosi, kwa kuwa ndio wenye maamuzi mazito. Takwimu zilikanusha dhana hiyo. Matarishi na wenzao wa ngazi ya chini kabisa walikufa kwa maradhi ya moyo kwa kiwango cha karibu mara tatu ya kile cha wakuu wao, na tofauti za uvutaji sigara na mwenendo wa maisha zilieleza sehemu tu ya pengo hilo. Utafiti wa pili, ulioanza mwaka 1985 na kuhusisha watumishi 10,308 wakiwemo wanawake, ulionyesha kwamba uwezo mdogo wa mtu kuamua juu ya kazi yake mwenyewe unachangia kwa kiasi kikubwa.

Matokeo hayo yaliafikiana na nadharia ambayo Mmarekani Robert Karasek alikuwa ameitoa mwaka 1979. Kwa mujibu wake, kazi nyingi peke yake si hatari sana. Hatari huja pale kazi nyingi inapokutana na uhuru mdogo. Mfano unaoeleweka haraka Afrika Mashariki ni wa muuguzi wa zamu ya usiku katika wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya. Hawezi kumkataa mama aliyefika na uchungu, hawezi kujiongezea mwenzake wa zamu, na dawa zikiisha hana mamlaka ya kuziagiza. Lakini mtoto akifariki, wa kwanza kutakiwa kuandika maelezo ni yeye. Daktari bingwa aliye mji huohuo anaweza kufanya kazi saa nyingi kuliko huyo muuguzi na bado akalala usingizi, kwa sababu sehemu kubwa ya saa hizo amezipanga mwenyewe.

Johannes Siegrist, mtafiti aliyefanya kazi Ujerumani, aliongeza kipimo kingine mwaka 1996: uwiano kati ya jasho linalotoka na malipo yanayorudi. Kwake malipo ni fedha, lakini pia ni heshima, usalama wa ajira na nafasi ya kupanda cheo. Mwalimu wa shule ya msingi ya kijijini anakifahamu kipimo hiki hata kama hajawahi kulisikia jina la Siegrist. Madarasa yamefurika, kupanda daraja kunachelewa, malimbikizo ya mshahara yanafuatiliwa makao makuu ya wilaya kwa nauli ya mfukoni mwake, na maombi ya uhamisho ili amfuate mwenzi wake hayajibiwi. Hakuna hata moja kati ya hayo linaloponywa na semina ya kukabili msongo wa mawazo.

Baada ya uhuru mdogo na malipo yasiyolingana na jasho, chanzo cha tatu cha madhara ni unyanyasaji. Matusi ya msimamizi mbele ya wateja, kutengwa kimakusudi, na rushwa ya ngono inayodaiwa kabla ya mkataba kusainiwa huacha majeraha makubwa kuliko uchovu wa kawaida. Shirika la Kazi Duniani lilipitisha Mkataba Namba 190 dhidi ya ukatili na unyanyasaji kazini mwaka 2019, nao ukaanza kutumika mwaka 2021. Mkataba huo hauishii kwenye mlango wa ofisi. Unagusa pia safari za kikazi, ujumbe wa simu na makazi yanayotolewa na mwajiri, jambo lenye uzito kwa wafanyakazi wa ndani wanaolala nyumbani kwa mwajiri, wawe Dar es Salaam, Mombasa au Muscat.

Hasara ya matatizo ya akili kwa upande wa kazi imekadiriwa. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Kazi Duniani yalitangaza mwaka 2022 kwamba sonona na wasiwasi uliopindukia huipotezea dunia takriban siku za kazi bilioni 12 kila mwaka, sawa na dola trilioni 1 za uzalishaji. Mashirika hayo yalikadiria pia kwamba mwaka 2019 asilimia 15 ya watu wazima wenye umri wa kufanya kazi walikuwa na tatizo la afya ya akili. Katika ofisi ya watu 20, hao ni watatu.

Kuwatambua watatu hao si rahisi, na hapa istilahi zinapaswa kutenganishwa. Kuchoka kabisa na kazi kulielezwa kitaalamu na Herbert Freudenberger mwaka 1974, baada ya kuwaona wahudumu wa kujitolea wa kliniki moja ya New York wakififia mwezi baada ya mwezi. Christina Maslach akatengeneza kipimo chake mwaka 1981, chenye pande tatu: nguvu kuisha, kuwaona wateja au wagonjwa kama vitu tu, na kujiona hufanyi lolote la maana. Shirika la Afya Duniani linauweka uchovu huo katika orodha yake ya kimataifa ya magonjwa kama hali itokanayo na kazi, si kama ugonjwa. Sonona ni ugonjwa. Huzuni au kukosa hamu ya chochote hudumu wiki mbili au zaidi, usingizi na hamu ya chakula huvurugika, umakini hupotea, mtu hujiona hana thamani, na pengine huwaza kujiua. Aliyechoka na kazi huanza kupata nafuu akiwa likizoni. Mwenye sonona huenda nayo likizoni.

Katika zahanati za Afrika Mashariki hali hizi mara nyingi huingia kwa mlango wa mwili. Mfanyakazi hulalamikia kichwa, mgongo, moyo kwenda mbio au vidonda vya tumbo. Hupimwa malaria na taifodi, hupewa dawa, na baada ya wiki mbili anarudi. Si kwamba anadanganya. Mwili wake unauma kweli, na kusema kwamba kichwa kinauma hakumharibii mtu jina kazini. Mwajiri anayeona wafanyakazi wa idara moja wakichukua ED, yaani ruhusa ya daktari ya kupumzika, mfululizo kwa maumivu yasiyopatikana chanzo angefanya vyema kuichunguza idara hiyo kabla ya kuwashuku wafanyakazi kwa uvivu.

Madeni nayo yanastahili kutajwa peke yake, kwa kuwa vitabu vingi vya Ulaya huyapita haraka. Nchini Tanzania mikopo inayoitwa kausha damu imewanasa walimu, wauguzi, askari na wafanyabiashara wadogo. Riba ni kubwa, marejesho ni ya kila wiki au hata kila siku, na baadhi ya wakopeshaji hushikilia kadi ya benki ya mdaiwa pamoja na namba yake ya siri. Mshahara ukiingia, mwenye kadi ndiye wa kwanza kufika kwenye mashine. Mtu wa namna hiyo yuko kazini kwa mwili tu. Kila simu inayoita inamshtua. Kwa jirani Kenya, Sheria ya Ajira ya mwaka 2007 inakataza makato yanayozidi theluthi mbili ya mshahara, lakini kinga hiyo inahusu makato yanayopitia kwa mwajiri. Haimfikii anayekatwa kwa kushikiwa kadi. Saccos imara kazini, yenye riba nafuu na utaratibu wa mkopo wa dharura unaotoka ndani ya siku chache, huenda ikazuia misongo mingi kuliko mabango ya siku ya afya ya akili.

Kazi zinazomkutanisha mtu na vifo na ukatili zina hatari ya namna yake. Askari wa usalama barabarani, wazimamoto, wahudumu wa chumba cha maiti na waandishi wa habari za vita wamejulikana muda mrefu. Karne hii imeongeza kundi jipya, na kesi yake kubwa barani Afrika iko Nairobi. Vijana waliotoka nchi mbalimbali za Afrika waliajiriwa huko na kampuni ya ukandarasi kuchuja maudhui ya Facebook kwa lugha za bara hili. Kazi yao ilikuwa kutazama yale ambayo watumiaji wengine hawakupaswa kuyaona, yaani mauaji, ubakaji, mateso ya watoto, picha baada ya picha, kwa muda uliohesabiwa. Mwaka 2022 Daniel Motaung, raia wa Afrika Kusini aliyekuwa mmoja wao, alifungua kesi Kenya dhidi ya mkandarasi huyo na Meta, kampuni inayomiliki Facebook. Mwaka uliofuata wachujaji wengine zaidi ya 180 walifungua kesi yao. Septemba 2024 Mahakama ya Rufaa ya Kenya iliamua kwamba Meta inaweza kushtakiwa nchini humo, na Desemba mwaka huohuo ripoti za daktari aliyekuwa akiongoza huduma za afya ya akili katika Hospitali ya Taifa ya Kenyatta ziliwasilishwa mahakamani. Zilieleza kuwa zaidi ya wachujaji 140 aliowachunguza walikuwa na maradhi yatokanayo na kiwewe.

Fidia ni suala la mahakama. Kwa mada hii, kinachofundisha ni kwamba sehemu kubwa ya hatari katika kazi hiyo ingeweza kupunguzwa na mpangilio wa kawaida kabisa. Picha inaweza kufifishwa au kuondolewa rangi, sauti ikazimwa mpaka ihitajike, saa za kutazama ukatili zikawekewa kikomo na kupokezanwa na kazi nyepesi, na kasi inayodaiwa ikashushwa. Mshauri nasaha aliye chumba cha pili hana nguvu mbele ya kipima muda kinachomtaka mtu afungue video nyingine. Orodha ya magonjwa yatokanayo na kazi ya Shirika la Kazi Duniani, iliyorekebishwa mwaka 2010, inautaja ugonjwa wa kiwewe waziwazi, hivyo haiwezi kusemwa kwamba ni hatari ambayo hakuna aliyeijua.

Sheria za kawaida za ajira, ambazo watu huzifikiria kama habari za mishahara tu, ndizo kinga ya kwanza ya akili. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya Tanzania ya mwaka 2004 inaweka kikomo cha saa 45 za kawaida kwa wiki na saa za ziada zisizozidi 50 katika wiki nne. Inadai mapumziko ya saa 12 mfululizo kati ya kumaliza kazi na kuanza tena, na inatoa likizo ya ugonjwa ya siku 126 katika mzunguko wa miezi 36, siku 63 za mwanzo zikilipwa mshahara kamili na zilizobaki nusu. Kenya, kima cha chini cha kisheria ni siku 7 za mshahara kamili na 7 za nusu mshahara kwa mwaka, ingawa mikataba ya pamoja ya vyama vya wafanyakazi huweza kuongeza. Tofauti hiyo si ndogo. Dawa za sonona huchukua wiki kadhaa kabla ya kuonyesha nafuu kamili, na mgonjwa mwenye siku 14 atarudi kazini nusu ya njia. Sheria ya Tanzania nayo ina tundu lake: masharti ya saa za kazi hayawahusu wanaosimamia wenzao na kuwajibika moja kwa moja kwa uongozi wa juu. Mkuu wa kitengo, anayetarajiwa kuwalinda wengine, ndiye asiyelindwa.

Kenya imeondoa kikwazo kingine kilichokuwa kikiwanyamazisha wagonjwa. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kuwa kifungu cha 226 cha Kanuni ya Adhabu, kilichofanya jaribio la kujiua kuwa kosa la jinai, kinakiuka Katiba. Mfanyakazi aliyefika ukingoni alikuwa akiogopa kwamba akisema ukweli hospitalini, atafuatwa na polisi na kisha na barua ya kuachishwa kazi.

Kuhusu tiba ya mahali pa kazi penyewe, mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Septemba 2022 unaanzia kwenye kubadilisha mazingira ya kazi, kisha mafunzo kwa wasimamizi, kisha wafanyakazi wenyewe. Wanaopenda kuanzia mwisho wana takwimu za kujibu. William Fleming wa Chuo Kikuu cha Oxford alichambua majibu ya wafanyakazi 46,336 wa mashirika 233 ya Uingereza na kuchapisha matokeo mwaka 2024. Walioshiriki programu za mtu mmoja mmoja, kama vile kozi za ustahimilivu na programu za simu za kutuliza akili, hawakuwa na hali bora kuliko wasioshiriki. Kazi za kujitolea ndizo pekee zilizoonyesha dalili za manufaa. Utafiti wa aina hiyo haufuatilii watu kwa miaka, kwa hiyo haufungi mjadala, lakini mwajiri anayenunua programu ya simu huku akiacha jedwali la zamu kama lilivyo anapaswa kueleza anategemea nini.

Mabadiliko ya mpangilio si lazima yawe ghali. Jedwali la zamu likibandikwa wiki nne kabla badala ya siku mbili, mama mwenye watoto hupata nafasi ya kumpanga msaidizi. Zamu za usiku zikipunguzwa mfululizo wake, makosa hupungua pamoja na machozi. Kundi la WhatsApp la ofisi ni mahali pengine pa kuanzia: bosi anayetuma maagizo saa tano usiku huenda anajipunguzia tu mawazo yake, lakini amewaongezea watu 30 ya kwao, na wachache watathubutu kutojibu. Kanuni ya maandishi kwamba ujumbe wa baada ya saa za kazi hausubiri jibu hadi asubuhi haina gharama yoyote, ilimradi mkuu mwenyewe awe wa kwanza kuitii.

Msimamizi hatakiwi kuwa daktari. Anatakiwa kuona mabadiliko: aliyekuwa hodari anaanza kuchelewa, mcheshi ananyamaza, mpole anafoka. Kisha huuliza faraghani, akianza na kazi: “Naona wiki hizi hauko kama kawaida yako, kuna jambo hapa kazini linalokulemea?” Halafu husikiliza bila kukimbilia mawaidha. Mila ya heshima kwa umri huleta ugumu hapa. Mkuu wa kitengo mwenye miaka 30, ambaye kila asubuhi humwamkia shikamoo mhasibu wa miaka 55, atapata shida kumuuliza habari za moyoni, na mhasibu atapata shida zaidi kumjibu. Vyama vya wafanyakazi na idara za utumishi zinaweza kuwateua na kuwafundisha watu wa makamo wanaoaminika kwa kazi hiyo, bila kuwapa mamlaka ya kinidhamu. Siri ni sharti lisilo na mjadala. Mshauri anayepeleka ripoti kwa afisa utumishi hatapata mteja wa pili, na karatasi ya daktari haihitaji kutaja ugonjwa. Inatosha kuonyesha siku za mapumziko na kazi ambazo mfanyakazi asizifanye kwa muda.

Baada ya ajali au shambulio kazini, desturi ya kuwakusanya wote siku hiyohiyo na kuwataka wasimulie walichoona imepitwa na ushahidi. Tathmini za majaribio ya kitabibu hazikuona kuwa kikao kimoja cha aina hiyo kinazuia maradhi ya kiwewe, na baadhi ya washiriki walionekana kuwa na hali mbaya zaidi. Kinachoshauriwa ni msaada wa vitendo: usalama, maji, usafiri wa kwenda nyumbani, mtu wa karibu, na ufuatiliaji wa anayezidiwa baadaye.

Uchache wa wataalamu wa akili hauwezi kuwa kisingizio cha kukosa huduma yoyote. Zimbabwe, daktari Dixon Chibanda alianzisha mwaka 2006 utaratibu wa bibi waliofunzwa, wanaokaa kwenye mabenchi nje ya zahanati za Harare na kumsaidia mtu kuchambua tatizo moja baada ya jingine mpaka apate hatua ya kuchukua. Jaribio la kitabibu lililochapishwa mwaka 2016 lilionyesha kuwa waliopitia mabenchi hayo walikuwa na dalili chache sana kuliko waliopata huduma ya kawaida, na utaratibu huo umefika pia Malawi na Zanzibar. Umuhimu wake kwa mada hii ni mkubwa, kwa sababu, kwa makadirio ya mwaka 2018, zaidi ya asilimia 85 ya ajira barani Afrika ilikuwa isiyo rasmi. Bodaboda, mama lishe na mfanyakazi wa ndani hawana afisa utumishi. Wana kijiwe, kikoba, na kwa baadhi yao chama cha wafanyakazi kama CHODAWU nchini Tanzania au KUDHEIHA nchini Kenya. Mafunzo yakipelekwa huko yatawafikia watu ambao hakuna mwongozo wa ofisini utakaowafikia.

Hatua ya mwisho, ambayo waajiri huiandaa kidogo kuliko zote, ni kurudi kazini. Anayerudi baada ya wiki nyingi za sonona hafai kukabidhiwa siku ya kwanza kila kilicholimbikizwa. Mpango mzuri huandikwa kabla ya siku hiyo na mfanyakazi mwenyewe akiwepo: nusu siku kwa wiki za mwanzo, kazi zinazotangulia na zinazosubiri, ruhusa ya kuhudhuria kliniki, na tarehe ya kuutazama mpango upya. Mfanyakazi ndiye anayeamua wenzake waambiwe nini. Nusu siku inayobaki lazima iwe na mtu wa kuifanya na fungu la kumlipa, maana ikiangukia wenzake bila malipo, kitengo kitakuwa kinamwandaa mgonjwa wake anayefuata.